Fungu la Aliye Safarini

Novemba 26

Kuna jambo nimelificha kijijini hapa kwa miaka sita. Linamhusu binti yangu Naima. Nimelificha kwa majirani, kwa ndugu zangu wachache waliobaki kwetu Kolo, Kondoa, na kwa Loisi, jirani yangu, ambaye ndiye aliyembeba Naima mgongoni mama yake alipougua, na ambaye leo ananiletea chakula mimi.

Juzi daktari wa mjini aliitazama miguu yangu iliyovimba, akasikiliza kifua, akaniuliza naishi na nani. Nikasema naishi na watu. Akasema moyo umechoka, nisibebe ndoo, nipunguze chumvi. Hakutaja muda. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na naujua uso wa mtu anayeficha matokeo ya mtihani.

Nitaandika kila nitakapoweza mpaka mvua zikatike. Jambo lenyewe nitaliandika nikilifikia. Leo sijalifikia.

Novemba 29

Hakuna wingu. Malori ya mchanga yamepita tangu alfajiri. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Desemba 3

Kefa, mwenyekiti wetu wa kijiji, alinifuata mwenyewe kwa pikipiki. Alisema mkutano hauwezi kuanza bila mimi. Nilijua ananipamba, lakini nilivaa koti.

Tangu serikali ihamie Dodoma mjini, watu wanajenga kama wanaofukuzwa, na mchanga wa korongo letu ni safi, hauna chumvi. Kila lori linalopakia hulipa kijiji. Mwaka huu darasa limeezekwa, zahanati imepata choo, na bado fedha imebaki. Kina mama wakatoa hoja: iliyobaki inunuliwe mahindi Kibaigwa, yaletwe, yagawiwe mafungu, fungu moja kwa kila mkazi, mkubwa na mdogo sawasawa. Yasigawiwe mara moja, bali mara mbili, katika miezi ya njaa. Na isigawiwe fedha mkononi, maana fedha ya mkononi inajua njia ya kilabuni.

Gerson akasimama. Ana tipa mbili na duka, na akisema watu husikiliza, wengine kwa sababu anawadai.

"Haya mambo tulishayaona," alisema. "Babu yangu alilima shamba la pamoja tangu asubuhi, jioni akapewa sawa na aliyeshinda kivulini. Huu ni ujamaa. Ulikufa, tukauzika, sasa mnaufukua mwende nao wapi?"

"Gerson," Loisi akasema kutoka upande wa kina mama, "wewe hata shamba la peke yako hujawahi kulima."

Walicheka, lakini neno lilikuwa limeingia. Niliona wazee wakitazamana. Wapo hapa waliohamishwa na kupangwa kwenye mistari ya nyumba wakiwa vijana, na hawajasahau. Kefa akanigeukia. "Tumuulize Mwalimu. Si yeye aliyetufundisha siasa? Mwalimu, huu ni ujamaa au si ujamaa?"

Nilisimama na fimbo yangu.

"Gerson, ile nyumba yako ya mjini ina wapangaji?"

"Ina, Mwalimu."

"Wakikulipa kodi, huo ni ujamaa?"

"Ile ni mali yangu."

"Na korongo ni mali ya nani?"

Watu wakajibu kwa niaba yake: ya kijiji.

"Basi," nikasema, "mwenye mali anapokea kodi yake. Hakuna la ajabu hapo. Ujamaa niliowafundisha ulianzia kwenye jembe. Uliuliza nani amefanya kazi, na kwa nini jasho lake linywewe na mwingine. Hapa hatukufanya kazi yoyote. Mvua inaleta mchanga, lori linalipa. Sisi ni wenye nyumba tu, na kila mwenye nyumba apewe chake."

Walipiga makofi. Nilijisikia kama nina miaka arobaini. Gerson alicheka pia, maana hana kinyongo cha kudumu, kisha akasema: "Sawa. Ila kama ni wenye mali, tuwajue wenye mali. Asije mtu wa jana akajiita mwenyeji."

Nikaombwa nitoe kanuni. Nikasema mkazi ni yule aliyelala hapa mvua mbili, yaani misimu miwili ya mvua. Wakakubali. Kisha nikaongeza la pili. Nikawakumbusha kwamba hapa kwao ng'ombe akichinjwa, aliye safarini hakosi. Ukanda wake wa nyama huanikwa juu ya moshi wa jiko mpaka arudi. Basi na mahindi yawe hivyo, aliye safarini awekewe fungu. Wazee walifurahi sana. Mmoja alisema mtu wa Kondoa anaijua mila yetu kuliko watoto wetu.

Hilo la pili hakuna aliyeniomba niliongeze.

Desemba 9

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini harufu ilibaki mpaka jioni.

Desemba 14

Korongo limeshuka. Tulilisikia kabla ya kuliona, kama lori kubwa linalopanda mlima. Watoto walikimbia ukingoni. Mimi nililetewa kiti.

Maji haya yanatoka upande wa milima ya kwetu. Nilipokuwa kijana milima ile ilikuwa imechunwa, myekundu mitupu, na udongo wake ulikuwa unatuteremkia mbele ya macho kila mvua. Nilikuja huku kufundisha, na udongo nao ukawa unakuja nyuma yangu kila mwaka. Nilimwambia Loisi kwamba mchanga wanaouuza ni wa kwetu Kolo kabla haujawa wao. Akasema, "Basi rudini wote wawili, wewe na mchanga wako." Kisha akanipa uji.

Naima alikuwa bingwa wa kufukua kisima katika korongo hili. Kiangazi alijua mahali maji yalipo karibu kwa kukanyaga tu. Alikuwa anasimama, anasikiliza kwa nyayo, anasema, hapa.

Desemba 20

Loisi anaumwa mgongo. Amenitafutia mtu wa kunichotea maji, mwanamke anaitwa Hilda. Alitoka Mlali baada ya mvua zilizopita, na watoto wawili, na amepanga chumba nyuma ya duka la Gerson. Ni mpakiaji. Wanaume wanne na yeye, kwa chepe, wanajaza tipa kabla dereva hajamaliza chai. Sasa korongo lina maji, hakuna kupakia, kwa hiyo anachota maji na kupalilia mashamba ya watu.

"Shikamoo Babu. Ndoo niweke wapi?"

"Marahaba. Hapo mlangoni."

"Mlangoni utajikwaa. Naweka ndani." Akaingia, akaweka ndoo, akatazama chumba cha pili ambacho mlango wake ulikuwa wazi. "Huyu ni nani analala hapa?"

"Binti yangu. Yuko Arabuni."

"Kitanda kimetandikwa vizuri," alisema. Akaondoka.

Januari 5

Nimeshinda kitandani. Mvua, mvua.

Januari 6

Vilevile.

Januari 17

Leo nilikaa nje. Loisi alikuja na mlenda na ugali, akakaa kunitazama nikila, kama ninaweza kumdanganya. Daudi, mwanawe aliyeko Tunduma, amempigia akimwomba fedha badala ya kumtumia.

"Wako hata kukuomba hakuombi," alisema. "Mwanangu angalau ananisumbua. Naima alikuwa ananipigia mimi kila sikukuu. Kisha kimya. Ulisema alibadili namba."

"Ndiyo."

"Na wewe ukabadili laini mwaka huohuo, ukasema ile ya zamani imeharibika. Wote wawili mlibadili. Sasa mtapatanaje?"

Nikasema mlenda umezidi magadi. Haukuwa umezidi.

Niandike jinsi alivyoondoka. Mama yake, Sikudhani, alikuwa ameshafariki. Naima alikuja na karatasi za wakala, akasema amepata kazi ya ndani kwa familia moja huko Omani. Nikamwambia sikumsomesha akafue nguo za watu. Nimefundisha kujitegemea darasani mpaka sauti ikakauka, na mwanangu mwenyewe anaenda kuwa mtumishi. Akasema, "Baba, kujitegemea ndiko huku." Sikumsindikiza. Loisi ndiye aliyemfikisha barabarani na begi kichwani. Kijijini nikasema amekwenda kufundisha watoto wa matajiri.

Februari 2

Siku ya mgao. Mahindi yalimwagwa juu ya maturubai mbele ya ofisi ya kijiji. Kina mama walipima, wakafuta juu ya debe kwa kijiti ili asionewe mtu, wakapanga mafungu kwa kaya. Fungu la aliye safarini liliwekewa jiwe juu ili litambulike. Nilikuwa na mafungu mawili. Loisi alichagua mwenyewe jiwe la Naima, jeupe.

Kulikuwa na furaha. Hata Gerson alikaa mbele ya mafungu yake sita akiyatazama kama mtu anayetazama mtoto wake mchanga. "Si ujamaa huu," alisema watu wamsikie. "Ni kodi ya pango. Mwalimu amesema."

Hilda alikuwa amesimama nje ya turubai na chepe lake begani. Aliponiona alikuja.

"Shikamoo Mwalimu." Siku nyingine huniita Babu.

"Marahaba."

"Nina swali la darasani. Mchanga huu nani aliupakia?"

"Ninyi wapakiaji."

"Na jana nililala wapi?"

"Ulilala hapa."

"Na juzi, na kiangazi chote. Kumbe kosa langu ni kuwa karibu. Ningekuwa Arabuni ningepata."

Waliokuwa karibu walicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Binti yake mdogo, Angelina, alikuwa amechuchumaa pembeni ya turubai, akiokota punje zilizoruka nje na kuzitia katika pindo la gauni. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemwongezea pia.

Februari 4

Nimewaza swali la Hilda kwa siku mbili na nimeona nilichofanya.

Kwa ule ujamaa niliofundisha, ambao Gerson anauogopa, Hilda angekuwa wa kwanza kuitwa. Jasho ni lake. Mimi ningekuwa wa mwisho, mzee asiyeinua hata ndoo, nikihurumiwa kwa umri. Lakini niliwaambia huu si ujamaa. Niliwaambia sisi ni wenye nyumba. Na mara tu mtu anapojiita mwenye nyumba anaanza kutafuta ufunguo. Mvua mbili ni ufunguo. Niliukata mimi, na siku hiyohiyo nikafungua dirisha la nyuma kwa mtu wangu.

Kama huu ni ujamaa au si ujamaa, sijui tena. Darasani jibu lilikuwa rahisi kwa sababu hapakuwa na mtoto anayeokota punje.

Februari 7

Gunia la Naima limesimama chumbani kwake. Panya wameshaligundua.

Februari 8

Nilimwambia Hilda achukue fungu langu mimi, nitakula kwa Loisi. Alikuwa anamimina maji kwenye mtungi, hakugeuka.

"La kwako ule, Babu. La mwanao mwekee."

"Chukua, una watoto."

"Kila siku watu wananipa. Gerson ananipunguzia kodi, mama Loisi ananipa mboga. Sikosi cha kula sana." Akafunika mtungi. "Siku ile nilitaka tu niitwe jina. Kefa alisoma majina yote, mpaka ya watu ambao sijawahi kuwaona. Nikasema labda la mwisho."

Februari 19

Leo ndiyo siku ambayo ningepaswa kusema na sikusema.

Mahindi ya mgao wa kwanza yalipungua mwishoni, kaya tatu za bondeni zikapata debe lisilojaa. Gerson akasema sababu ni wasafiri. Kila nyumba ghafla ina msafiri. Kuna aliyemhesabia shemeji aliyeachana na dada yake. Akataka kabla ya mgao wa pili kila msafiri apigiwe simu mbele ya mkutano, sauti iwekwe juu, watu wasikie.

Ilikuwa kama sinema. Daudi wa Tunduma alipokea kwa kusema, "Mama, ile elfu ishirini vipi?" na uwanja mzima ukamjibu. Kijana mmoja alipokea akiwa baa, muziki unapiga, akaulizwa yuko wapi, akasema yuko kanisani. Mwingine, aliyesemwa yuko Mwanza, simu yake iliita palepale nyuma ya umati, mfukoni mwake. Kefa alicheka mpaka akafuta machozi. Walikatwa wanane. Waliobaki walipokea, wakasalimia, wakaulizia mvua. Nilisikia sauti za watoto niliowafundisha kusoma, wakubwa sasa, zikitoka katika kisimu kilichoshikwa juu hewani. Kila sauti ilipotoka mama mmoja mahali fulani alinyoosha shingo.

Kisha Kefa akasoma: "Naima Yahaya."

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno lakini yaliyotoka ni haya tu: "Namba yake mpya sina."

Nilimtazama Gerson. Nilimwomba moyoni aning'ang'anie. Angesema neno moja tu, ningeanguka kama ukuta wa tope.

"Mimi nimewadai wote," Gerson akasema, "ila Mwalimu simdai sauti. Huyu ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi. Aendelee mwenyekiti."

"Tunaendelea," akasema Kefa.

Nikakaa. Hilda alikuwa amekaa na wapakiaji chini ya ukuta wa ofisi. Hakunitazama vibaya. Alinionea huruma, nadhani. Alifikiri mwanangu amenitupa.

Februari 27

Miguu imejaa maji. Viatu vimekataa.

Machi 3

Loisi amenikanda miguu.

Machi 12

Ramadhani, siku ya kwanza ya mfungo. Daktari amenikataza kufunga. Nimekunywa uji mchana nikiwa nimegeukia ukuta, ingawa nyumbani hakuna mtu.

Machi 15

Habibu, anayesalisha katika kile kimsikiti chetu cha barabarani, alipita kunisalimia. Sisi Waislamu hapa hatujazi hata mkeka mmoja. Alisema anamwombea Naima safari njema ya kurudi. Nikaitikia amina.

Machi 20

Nitajaribu kuandika yote ya leo, mkono ukikubali.

Mgao wa pili. Nilimwambia Kefa aje anichukue mapema, kabla maturubai hayajatandikwa. Nilimwomba nizungumze kwanza. Watu walidhani nitaomba dua. Sikuweza kusimama, wakanigeuzia kiti nitazamane nao.

"Mwezi wa kumi na mbili niliwaambia huu si ujamaa," nikasema. "Niliwaambia ninyi ni wenye nyumba. Nilisema hivyo ili mshinde, na mkashinda. Lakini kanuni niliyowapa ilikuwa mbaya. Mtu analala kwetu, anapakia mchanga unaotulisha, anachota maji ya mzee wenu, nasi tunamwambia bado mvua moja. Nataka kanuni hiyo ifutwe. Anayelala hapa na kufanya kazi hapa ni wetu, na watoto wake."

Gerson alitabasamu. "Sasa huo ndio ujamaa wenyewe, Mwalimu. Umetuzungusha umeturudisha kulekule."

"Labda ndio. Uite utakavyo, Gerson. Mwiteni kwanza huyu mama jina lake."

"Mahindi yamenunuliwa kwa hesabu," akasema Kefa polepole. "Tukiongeza wapakiaji wote, ya nani yapungue?"

"Anza na langu. Fungu la Naima msiliwekee jiwe. Naima hayuko safarini." Nilisikia sauti yangu ikienda mbali kuliko nilivyoisukuma. "Naima amekufa. Alikufa hukohuko Omani, miaka sita iliyopita. Nilipigiwa simu. Mliniheshimu mkaacha kunidai sauti yake, nami nikawaacha mniheshimu, na fungu lake nikapeleka nyumbani, wakati mtoto aliye hai anaokota punje mbele yangu."

Kuku mmoja alikuwa amepanda juu ya gunia na hakuna aliyemfukuza.

Kisha Loisi alinyanyuka kutoka upande wa kina mama, akiwa ameshika mgongo, akaja akakaa chini kando ya kiti changu, akafungua kanga yake akajifunika kichwa. Hapo kina mama wakaanza kulia. Walimlia kwa jina. Walimlia kama aliyekufa asubuhi hii.

Kefa alipigisha kura ya mikono, pale katikati ya kilio. Mikono ikapanda. Gerson hakuinua wake, lakini alimwambia msaidizi wake afungue stoo yake alete magunia mawili, "ya kuazima," alisema, "yaandikwe ni ya kuazima." Hilda aliitwa jina. Alisimama, akasema "nipo," kama wanafunzi wanavyosema, akakaa tena kwa sababu alikuwa analia pia.

Wakati wananirudisha nyumbani nilimwambia Loisi anisamehe.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kumkasirikia. Baba aliyekasirika na mwanawe akiacha ghafla, kuna kitu."

Machi 21

Nyumba imejaa watu. Wametandika mikeka mpaka nje. Habibu amesoma dua na Wakristo wameitikia mahali wanapojua. Mchungaji wao amekaa pembeni, amevua kofia. Vijana wamepasua kuni. Sijawahi kuwa na watu wengi hivi nyumbani kwangu, hata Sikudhani alipofariki.

Jua lilipozama Hilda alileta sufuria la makande kwa ajili ya futari. Aliniwekea bakuli la kwanza mimi, nisiyefunga. "Ni ya fungu lile," aliniambia karibu na sikio. "Chumvi nimeacha." Nilikula yote.

Machi 22

Wanauliza. Hawaulizi kwa ubaya. Alizikwa wapi? Nikasema Maskati. Nani alimwosha? Wenzake. Kefa anasema kijiji kitachanga, watafute kaburi lake kupitia ubalozi, hata picha yake tu ije. "Aliyekupigia simu siku ile, Mwalimu, namba yake ilikuwa ya nani? Tuanzie hapo."

Nikasema ilipotea.

Niliwaambia nusu nao wamenipa rambirambi nzima.

Machi 25

Watu wamerudi mashambani. Mtama unalindwa dhidi ya ndege. Loisi anakuja asubuhi, Hilda jioni. Katikati hapo ni mimi na kile chumba. Upweke huu si ule wa zamani. Ule wa zamani nilikuwa namlinda Naima. Nilikuwa nafunga mlango ili abaki hai ndani. Sasa wamemlia, wamemwachia aende, na mimi ndiye niliyebaki na kipande ambacho hawakukilia kwa sababu hawakijui.

Aprili 2

Mvua chache, za kuaga. Korongo limekuwa mfereji mwembamba. Gerson alipita kuniona, akakaa kwenye kizingiti, akazungusha funguo za gari kidoleni.

"Mwaka ujao wapakiaji wataongezeka," alisema. "Watatoka mpaka Chamwino wakisikia tunagawa. Kila mtu atakuwa wetu. Utafanyaje?"

"Sitakuwepo."

"Usiseme hivyo." Kisha akasema, "Ila ningependa tubishane."

"Na mimi."

Alikaa mpaka jua likageuka. Hatukubishana kitu.

Aprili 9

Mvua zimekatika. Loisi anasema mwezi ukionekana leo jioni, kesho ni Idd, na amenifulia kanzu. Naandika kwa kituo, neno moja napumzika. Nimelifikia.

Ile laini ya zamani haikuharibika. Niliitoa mwenyewe kwenye simu siku ileile niliyopigiwa, nikaenda nayo korongoni, nikaifukia mchangani kwa fimbo. Imeshakwenda na lori. Sasa iko ndani ya ukuta wa mtu fulani mjini.

Ilikuwa asubuhi, kiangazi. Namba ilikuwa ndefu. Mwanamke, Kiswahili chake cha pwani, mpole sana. Alinisalimia shikamoo. Alisema anafanya kazi nyumba ya jirani na alipokuwa akifanya kazi Naima Yahaya. Alisema Naima aliugua siku chache na jana amefariki hospitalini, na yeye ndiye amekabidhiwa simu yake, kwa kuwa wanatoka nchi moja. Akasema wanauliza azikwe hukohuko au arudishwe kwao, na wanataka kauli ya ndugu, bila hivyo watamzika kama asiye na mtu.

"Humu kwenye simu yake namba hii ameiandika Baba," alisema. "Samahani mzee. Wewe ndiye baba yake?"

Nikasema, "Umekosea namba."